Kikohozi Kabla ya Mwisho

Kosa langu la kwanza katika muziki lilikuwa kukohoa.

Nimelikumbuka wiki iliyopita ndani ya treni inayotoka Northfield kwenda mjini, asubuhi ya mvua, abiria wamebanana na makoti yao yananuka sufi iliyoloa. Mzee mmoja nyuma yangu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyejaribu kukizuia akashindwa. Vidole vyangu vikajipanga vyenyewe juu ya magoti: mkono wa kushoto ukashuka, wa kulia ukafunguka, tayari kwa mipigo mitatu ya mwisho. Nina miaka ishirini na minne, na bado kikohozi cha mtu nisiyemjua kinaweza kuniamuru.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana wanamuziki wenzangu sijawahi kuwaambia.

Tulikuwa wawili, mama na mimi, tukikaa Northfield kwenye nyumba ndogo juu ya duka la mazulia. Mama alifanya kazi Sutton Coldfield, katika nyumba ya kuwatunzia wazee, zamu ya usiku. Treni moja ilimvusha jiji zima jioni, na treni hiyohiyo ilimrudisha asubuhi nikiwa navaa soksi za shule. Nilimjua kwa harufu yake ya asubuhi: dawa ya kunawia mikono, mkate uliochomwa, na mafuta ya mgando aliyojipaka miguuni kwa sababu ya kusimama. Alikuwa akivua viatu mlangoni na kukaa chini papo hapo, kwenye zulia, kana kwamba kiti kiko mbali mno. Kisha ananiuliza kwa Kiswahili kama nimekula, nami namjibu kwa Kiingereza kwamba nimekula. Ndivyo tulivyoishi. Kiswahili hiki ninachokiandika nimejifunza mwenyewe baadaye, kama nilivyojifunza piano, kwa hiyo mkiona mahali nimeteleza mnivumilie. Nimeshayasoma haya mara nyingi kuliko inavyofaa.

Piano yenyewe haikuwa piano. Ilikuwa kibodi ya plastiki ambayo familia moja ya kanisani kwetu ilituachia walipohama. Mwalimu sikuwa naye. Nilichokuwa nacho ni hedifoni, ili mama alale mchana, na sidii moja aliyokuja nayo kutoka kazini.

Sidii ile ilikuwa ya Nyanya Edna. Mama aliwaita wazee wote wa kule nyanya na babu, na wao, Waingereza wa watu, walizoea wakaitika. Edna alikuwa mjane wa miaka karibu tisini. Masikio yake yalikuwa yamekataa mashine. Kila sauti iliyotoka kwenye spika ilimfikia kama kokoto ndani ya debe. Watu aliwasikia bado, lakini kwa muziki piano tu ndiyo aliyoisikia, ile iliyokuwa sebuleni kwao, tena akiweka kiganja juu ya mbao zake. Kwa hiyo alimpa mama sidii yake na kumwambia: mpe mwanao ajifunze hiki kipande cha mwisho, siku moja aje anipigie.

Mpiga piano alikuwa Mwitaliano aliyekwisha kufa. Rekodi ilifanywa hapa hapa Birmingham, ukumbini, mbele ya watu. Ndani ya jalada kulikuwa na karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo kama chawa; sikuisoma. Nilisikiliza tu, nikatafuta sauti moja moja kwenye kibodi mpaka kipande kizima kikaingia vidoleni. Karibu na mwisho muziki ulishuka, ukanyamaza, na katikati ya ule ukimya mtu alikohoa. Baada yake ndipo ilipokuja mipigo mitatu ya kumalizia.

Asubuhi moja nilimvisha mama hedifoni akiwa ameketi pale kwenye zulia, nikamuuliza sauti ile ni nini. Alisikiliza macho yakiwa yamefumba.

"Huyo ni mtu anabisha hodi," akasema, akaenda kulala.

Kwangu jibu hilo lilikuwa timamu kabisa. Kabla hatujaja Uingereza tulikaa kwa babu, Bungoma, na babu hakuwahi kuingia kwenye boma lake mwenyewe kimyakimya. Alikohoa kwanza pale kwenye ua wa miti, ili wakwe zake wa kike wajue anakuja, wajifunge leso vizuri na kupisha njia. Hakuwa mgonjwa. Kikohozi kile kilikuwa adabu. Basi nikaona Mwitaliano huyu naye ni mtu wa adabu, kwamba kabla ya kuingia mwisho wa wimbo ni lazima ubishe hodi. Nikafanya mazoezi ya kikohozi kama nilivyofanya mazoezi ya mkono wa kushoto. Nilikitaka kiwe kikavu hivyohivyo, kifupi hivyohivyo.

Mnafahamu, kwa sababu ya hedifoni, mama hakuwahi kuusikia muziki wangu. Akiwa kitandani alisikia plastiki tu, taka-taka-taka, kama mtu anayekatakata sukumawiki kwa haraka, kisha kikohozi, kisha taka tatu, kisha kimya.

Mwaka ule niliotimiza miaka kumi, kwaya ilichelewa ibada ya Jumapili, na Papa Shukuru, Mkongo aliyekuwa kiongozi wa kwaya, akaniomba nipige chochote watu wasichoke kungoja. Nilipiga kipande changu. Nilipofika kwenye ukimya nilinyoosha shingo na kukohoa kwa ufundi wangu wote. Watoto wa benchi la mbele wakaangua kicheko. Mmoja akakohoa kunijibu, mwingine naye akadakia, hadi safu nzima ikawa wodi ya kifua kikuu. Nilimaliza mipigo mitatu masikio yakiwaka moto.

Papa Shukuru akaniinamia, uso wa huruma tupu. "Mwana, ile kikohozi, uko mugonjwa ao iko mu wimbo?"

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba kiko kwenye wimbo. Alinitazama kidogo, kisha akanieleza taratibu, kwa maneno machache, kwamba pale penye ukumbi pana watu, na watu hukohoa.

Nilipofika nyumbani niliifungua ile karatasi, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Mwitaliano alikuwa mtoto wa mshona viatu katika mji mdogo wa kaskazini, na mpaka umri wangu ule alikuwa hajafundishwa na mtu. Nilipofika hapo nilitaka kulia kwa furaha. Lakini maelezo yaliendelea. Alisafiri na kiti chake mwenyewe. Aliahirisha maonyesho kwa sababu ya hewa yenye unyevu, kwa sababu ya mlango uliolia, mara moja kwa sababu ya maua yaliyowekwa juu ya piano. Aliingia studio asubuhi akatoka usiku bila kitu alichokubali. Rekodi alizoziacha zingetosha kwenye boksi la viatu vya baba yake. Na hii ya Birmingham aliikataa hadi anaingia kaburini, kwa ajili ya kikohozi kimoja. Warithi wake ndio walioitoa.

Kwa hiyo kitu nilichokuwa nimekiiga kwa uaminifu mkubwa kuliko vyote ndicho kitu pekee alichokichukia.

Tangu siku hiyo nikaapa kuwa safi kama yeye. Nikikosea noti moja, narudi mwanzo. Nikipiga noti sahihi kwa uzito usio sahihi, narudi mwanzo. Nilianza kuumwa tumbo kabla ya kuwasha kibodi. Mama akaniambia Nyanya Edna ananiulizia, nikamwambia bado. Majani yakapukutika, ikaja Krismasi, ikapita, nami bado. Nilijikinga kwa methali yake mwenyewe, kwamba haraka haraka haina baraka. Alijibu bila kufumbua macho kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu alikuwa akiliona.

Asubuhi moja alirudi amechoka kuliko kawaida, hata kiatu cha pili hakukivua. Akaniita.

"Mbona siku hizi haufiki mwisho?"

Nilishtuka. Alikuwa amezoea kunifuatilia kwa kikohozi, na sasa hakukisikia. Nikamweleza kwamba kikohozi nimekitoa, halikuwa jambo la muziki. Lakini kweli ni kwamba sikuwa nafika mwisho pia. Miezi ilikuwa imepita bila mimi kuipiga ile mipigo mitatu.

"Edna anadhoofika," akasema. "Unangoja nini? Unangoja ufike kama Mtaliano? Huyo Mtaliano mwenyewe kwani alifika?"

Akabadilishana zamu na mwenzake, na Jumamosi iliyofuata tukapanda treni pamoja.

Sebule ile ilikuwa na joto la kupita kiasi na harufu ya chai na supu ya pakiti. Piano ilikuwa ya kahawia, imelegea nyuzi, na ufunguo mmoja wa katikati ulikuwa umekufa kabisa. Ukiubonyeza unasikia mbao tu. Wazee wanne watano walikuwa wamesinzia. Edna alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ubavuni mwa piano, mdogo, mweupe, nywele kama pamba iliyovutwa. Hakunisalimu. Aliweka kiganja juu ya mbao na kusubiri.

Nilianza vibaya. Katikati nikaangukia ule ufunguo uliokufa, nikaondoa mikono ili nirudi mwanzo. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango na sare yake ya kazini, akasema neno moja tu: "Endelea." Nikaendelea. Nilikosea tena, tena, jasho likanichuruzika mgongoni, lakini muziki ukashuka kama unavyoshuka, ukanyamaza. Nikashikilia ule ukimya. Ulikuwa safi. Nikajiambia, angalau hapa, angalau hapa tu nimekuwa kama yeye.

Mama akakohoa.

Kikavu, kifupi, pale pale. Edna aligeuza shingo yake nyembamba, kwa shida, kuelekea mlangoni, na uso wake ukalainika namna ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mzima.

"Kumbe umefika," akasema.

Nilipiga mipigo mitatu kwa hasira, karibu nivunje piano. Nilidhani anamsemesha mama. Nilidhani mama amesahau, au uchovu umemshinda, au, baya zaidi, amenitania mbele ya watu kama wale watoto wa kanisani. Kwenye treni ya kurudi sikusema naye. Aliniuliza mara moja kama nina njaa, akaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha na kulala mdomo wazi hadi Northfield, na mimi nikamwangalia nikimchukia kidogo, Mungu anisamehe, kwa kukoroma kwake.

Edna alifariki kabla ya kiangazi. Mama aliniambia kwa ufupi, akavua viatu, akakaa kwenye zulia.

Miaka ikapita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa tulipokuwa tukimenya viazi jikoni, redio ikilia, nami nikamkumbusha kwa mzaha wenye miiba siku aliyoniharibia ukimya wangu. Kisu chake kikasimama.

"Kwani sikukuambia?" Akajaribu kukumbuka. "Nilidhani nilikuambia. Nilikuwa nachoka sana miaka ile."

Mume wa Edna, akanieleza, alikuwa fundi wa kukereza vyuma huko Tyseley, na vumbi la chuma lilikuwa limemkaa kifuani. Usiku ule wa onyesho lililorekodiwa alitoka kazini akachelewa. Edna aliingia peke yake, akaketi karibu na kiti kitupu, akisikiliza huku moyo umejaa hasira, akiamini hakuja. Kumbe walimfungulia mlango wa nyuma, wakamkataza kutembea hadi kwenye kiti, akasimama gizani na koti la kazi, akikizuia kikohozi chake kwa ajili ya yule Mwitaliano. Kilimshinda pale kwenye ukimya. Hivyo ndivyo Edna alivyojua kwamba yumo.

"Mtu mzima yule, nikimwosha asubuhi, ananiambia weka ile sidii," mama akasema. "Wimbo wenyewe hausikilizi. Anangoja hapo tu. Halafu masikio yakamkatalia mashine, akawa hamsikii tena mumewe. Sasa na wewe ukaja na usafi wako."

Nikamuuliza Edna alikuwa na uhakika gani kwamba ni mumewe, katika ukumbi mzima wa watu.

"Mke hawezi kukosea kikohozi cha mumewe," akasema, akarudi kwenye viazi.

Nilimenya kiazi kimoja hadi kikabaki kama gololi. Nilikuwa nikifikiria jibu lake la asubuhi ile ya zamani, macho yamefumba, kwamba huyo ni mtu anabisha hodi. Alikuwa ameniambia. Aliniambia yote kwa maneno matano, na mimi nikayachukua kama somo la muziki.

Mwitaliano nampenda bado. Nimezitafuta rekodi zake zote, na ni kweli, ni chache. Mara nyingine nikimsikiliza namhurumia, nikiwaza boksi lile la viatu lenye nafasi nyingi tupu. Tumbo linaniuma kama zamani, na haya niliyoyaandika nimeyaanza upya mara nyingi.

Ila jambo moja limebadilika. Mama bado anakwenda Sutton Coldfield, siku hizi zamu ya mchana, na jioni akirudi akasema nimpigie, nachomoa hedifoni na nampigia, mpaka mwisho.