Sikio la Mwenyekiti wa Usaili

Naomba mnicheke mapema tumalize, maana hadi leo nikimwona mzee mwenye sikio lililotobolewa likaning'inia navuka barabara, hata kama upande wa pili sina shida nao, na ukiniuliza nitakwambia nawahi dukani, lakini ukweli ni huu ninaowapa leo, na nawapa kwa sababu Happy (rafiki yangu, Mchaga, tunachangia chumba Elerai, ulimi wake hauna breki) ameshaanza kuusimulia kwenye vikao vya harusi za watu na anauongezea chumvi, na mimi nimeona kama ni kuaibika basi niaibike kwa maneno yangu mwenyewe.

Mimi ni Mwarusha wa Terrat. Jina langu Namnyaki, maana yake mwenye bahati, na mkifika mwisho mtaamua wenyewe kama wazazi wangu walikosea. Nilisoma maendeleo ya jamii chuoni, nikahitimu, nikapigwa picha na joho, halafu nikarudi kukaa, na kukaa kwenyewe kulikuwa kwa aibu kwa sababu ya papa, yaani baba yangu. Wazee wa rika lake walikuja kuniposea vijana wao tangu niko sekondari, na kila wakija na sukari na blanketi papa anawarudisha navyo, anasema, "Huyu bado ana shule." Shule ilipokwisha wakarudi. Papa akasema, "Huyu anasubiri kazi ya serikali." Basi nikasubiri, naye akasubiri, mpaka wale wazee wakaacha kuuliza, wakawa nikipita wanakohoa tu, na kile kikohozi papa alikuwa anakisikia vizuri sana ingawa alijifanya anaangalia ndama.

Kwa hiyo mkisikia usaili wa serikali msifikiri kwangu ulikuwa mtihani wa kawaida. Kwanza unaomba mtandaoni, unaambatanisha vyeti mpaka cha kuzaliwa. Ukiitwa unaenda kwenye mchujo, ule wa kuandika, ukumbi umejaa watu utadhani kuna mkutano wa injili, maswali ya sheria za serikali za mitaa, ya mipango, ya miradi ya vikundi, mengine ya maarifa ya jumla ambayo hujui hata aliyetunga alikuwa anawaza nini. Ukipita hapo ndipo unaitwa mahojiano, unakaa ana kwa ana na paneli. Mimi mara mbili nilikuwa nimeangukia kwenye mchujo. Safari hii nikapita! Nilipompigia papa akauliza kama nimekula, akakata simu, halafu mama akaniambia amevaa lile koti lake la kanisani siku ya kazi akaenda kukaa na wenzake, na hakuwaambia kitu, alikaa tu na koti lake.

Happy akanifundisha wiki nzima, ananiuliza maswali huku anakaanga vitunguu. Misingi ya maadili ya utumishi wa umma niliikariri mpaka nikawa naitaja nikipiga mswaki. Akanifundisha na kuingia pia: gonga, ingia, sema shikamooni, simama nyuma ya kiti chako mpaka uambiwe ukae, macho mbele. "Na hicho kichwa chako usikiinamishe, aisee," akasema. "Hapo siyo kwenu Terrat." Nikamjibu kwani mimi mtoto, nikachukia kabisa.

Ngoja niwaeleze hicho kichwa. Kwetu binti hampi mkono mzee wa rika la baba yake. Unamsogelea, unamwinamishia kichwa, anaweka kiganja utosini, anasema "Takwenya", unaitika "Iko", ndipo unainua uso. Asipokugusa huinui, unabaki hapo hapo, kwa sababu kuinua kichwa kisichoguswa ni sawa na kumwambia mzee hujamwona. Nyumbani nafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Ofisini sijawahi, na sikuwa na mpango huo.

Mpango ulikuja asubuhi ya mahojiano yenyewe. Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi nje ya jengo la chuo kimoja pale mjini, kila mtu na faili lake la vyeti halisi mapajani, baridi ya Meru inatukata magoti (mimi na sketi ya Happy ambayo ilikuwa inanibana mpaka pumzi), gari likaja, paneli ikashuka. Wa kwanza mama mmoja amekumbatia laptop, wa pili kijana mwenye miwani, na wa mwisho mzee mrefu, mweusi, mkimya, suti ya kijivu, anatembea taratibu. Akageuka kufunga mlango wa gari nikaona sikio. Limetobolewa tundu kubwa la zamani, ncha ya chini inaning'inia. Papa ana sikio kama lile. Babu alikuwa nalo. Wazee wote wa Terrat waliokuwa wanakohoa wanalo.

Nikajisemea, huyu wa kwetu.

Nitasema wazi kwa sababu hapa ndipo aibu yangu ilipoanzia, siyo kwenye maji, kwenye maji mtafika. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa najua majibu, ningeweza kuingia kama wengine nikajibu nilichojua. Lakini nilipoona lile sikio nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Nikapanga kwamba nitamwamkia kikwetu, atajua mimi binti wa nyumbani, na mzee wa kwetu hawezi kumwangusha binti aliyemwinamishia kichwa. Nilitaka upendeleo. Neno ndilo hilo, sina lingine la kulipambia.

Nikaitwa. Nikagonga, nikaingia, nikasema shikamooni, wakaitika marahaba. Mpaka hapo Happy angenipigia makofi. Meza ndefu, wao watatu upande wa pili, mwenyekiti katikati ndiye mzee wangu, mbele yake makaratasi na chupa ya maji aliyokuwa ndiyo kwanza ameifungua. Kiti changu upande huu. Yule mama akasema, "Karibu, weka vyeti mezani, ukae." Vyeti nikaweka. Kukaa sikukaa. Kichwa lazima kifike mahali mkono wa mzee unapofika, na meza ilikuwa pana, kwa hiyo mimi Namnyaki nikaizunguka meza ya usaili wa serikali, nikapita nyuma ya kijana wa miwani (akavuta kiti kunipisha, nadhani alifikiri nataka kufungua dirisha), nikasimama mbele ya mwenyekiti, nikainama.

Nikasubiri kiganja. Naona viatu vyake tu, vyeusi, vimepigwa kiwi. Nikafikiri labda hajaniona vizuri, nikainama zaidi. Sketi ya Happy ikaanza kulalamika kwenye mshono, na mimi kuinua kichwa siwezi, kwa sababu hajanigusa! Nikamsikia kijana wa miwani akinong'ona, "Anasali?" Mama akasema, "Dada, unajisikia vibaya?" Mimi nangoja Takwenya yangu.

Kumbe mwenyekiti wa watu alikuwa anafuata macho yangu. Aliona binti kaja kakodolea sakafu chini ya kiti chake, akajua kuna kitu kimedondoka. Akasema kwa upole, "Umedondosha nini, mwanangu?" akainama na yeye kutafuta. Mimi nikasikia kiti kinalia, nikasema moyoni mkono huo unakuja, nikakisogeza kichwa mbele kuupokea.

Tuligongana vichwa, ko!

Alishtuka, mkono ukapiga chupa, chupa ikalala, maji yakaanza safari juu ya meza, yakapita kwenye karatasi za alama, yakaelekea kwenye laptop. "Jamani, laptop ya serikali!" mama akapiga kelele akainyanyua juu ya kichwa chake, kijana akavua koti akaanza kupangusa nalo, na vyeti vyangu halisi, kuanzia cha kuzaliwa mpaka cha chuo, vikaloana kimoja kimoja kwa utaratibu kabisa. Mzee amejishika paji la uso. Mimi nimejishika langu. Mshono wa sketi nao ukaamua kusema neno lake hapo hapo.

"Binti," mwenyekiti akasema, "ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakusalimia, papa." (Papa! Nilimwita papa mbele ya paneli.)

"Si ulishatusalimia mlangoni?"

"Ile ya mlangoni ilikuwa ya wote. Hii ilikuwa ya... ya kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Terrat. Waarusha. Nilidhani na wewe..." Sikumaliza, macho yangu yakaenda kwenye sikio lake yenyewe, na mama naye akaliangalia, na kijana naye akaliangalia, watu watatu tunamkodolea mzee wa watu sikio.

Akaligusa taratibu. "Hili? Mimi ni Mgogo, binti. Wazee wetu Dodoma nao walikuwa wanatoboa."

Kijana wa miwani akajifunika uso na koti bichi, mabega yanatetemeka. Mwenyekiti yeye hakucheka. Ningeomba acheke. Aliniangalia kwa huruma fulani iliyochoka, nikajua ameelewa kila kitu, kwamba sikuja kumpa heshima, nilikuja kumletea undugu ambao hata haupo. Akaniambia nikakae. Nikakaa. Akafuta karatasi, akatafuta swali la kwanza, na naapa hakulichagua, lilikuwa limechapwa pale tangu jana yake.

"Taja misingi ya maadili ya utumishi wa umma."

Mnajua nilikuwa naitaja nikipiga mswaki. Nikaanza: kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, matumizi sahihi ya taarifa. Nikakwama. Najua kuna mwingine. Nikarudia tangu mwanzo, nikakwama pale pale.

"Umebaki mmoja," akasema mwenyekiti.

Nikaangalia dari. Nikaangalia dirisha. Nikawaangalia wote isipokuwa yeye.

Alisubiri, mkono bado uko kwenye paji la uso wake, halafu akausema mwenyewe, polepole, bila ubaya. "Kutoa huduma bila upendeleo."

Pale ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Maswali mengine nilijibu, hata sijui nilijibu nini, sauti yangu nilikuwa naisikia inatokea mbali. Nikakusanya vyeti vyangu vinavyochuruzika, nikatoka kinyumenyume kwa sababu ya sketi iliyochanika. Nje wenzangu walikuwa wamesikia kishindo na kelele, sasa wananiona natoka na nundu kwenye paji la uso, nimeloa, macho mekundu. Dada mmoja anayetokea Maji ya Chai aliyekuwa anafuata akasimama na faili lake. "Mama yangu," akasema, "kumbe mle ndani wanapiga?"

Nilienda Elerai nikaanika vyeti kwenye kamba ya nguo, Happy akarudi akavikuta vinapepea kati ya soksi, akauliza, nikamwambia, na alicheka mpaka akakaa chini, halafu aliponiona silii wala sicheki akaacha, akanikorogea uji.

Majina ya waliofaulu yalipotoka langu halikuwemo. Nililitafuta kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, maana nilikuwa bado na ujinga kidogo. Nikaona habari hii siyo ya kupiga simu. Nikaenda Terrat.

Nikamkuta papa amekaa nje ya boma na wenzake wawili, wale wale wa kikohozi, na amevaa lile koti. Nikajua alikuwa anajua leo ndiyo siku. Sikuwa na njia nyingine ila kuwaamkia. Nikamwinamia wa kwanza, akanigusa, Takwenya, Iko. Nikamwinamia wa pili, Takwenya, Iko. Nikafika kwa papa, nikainama, na pale machozi yakaniponyoka, yakawa yanadondokea kwenye makatambuga yake, moja upande huu, moja upande ule, na nikajua ameyaona kwa sababu alivuta mguu kidogo kisha akaurudisha.

Kiganja kikaja utosini. Hakikuondoka. Kwa kawaida ni kugusa tu, lakini alikiacha pale, kizito, cha moto, mpaka nikahisi pumzi yangu inarudi.

"Takwenya," akasema.

Iko yangu haikutoka. Nilijaribu.

Akaielekeza sauti kwa wenzake, mkono bado uko kichwani kwangu, akasema kama anavyosema siku zote, "Huyu bado anasubiri kazi ya serikali."

Nikangoja kikohozi. Hakuna aliyekohoa.

Habari ya sikio sijamwambia hadi leo, na ole wake Happy. Nafasi zikitangazwa tena nitaomba. Nitagonga, nitasema shikamooni, nitakaa kwenye kiti changu upande wangu wa meza, hata mwenyekiti awe na masikio yanayofika mabegani. Kichwa changu nitakiinamisha Terrat tu.