Somo wa Dunia

Juzi mpwa wangu alinionyesha picha ya dunia kwenye simu, duara la buluu lililoandikwa Earth, nikasikia harufu ya udongo mbichi.

Alasiri moja utotoni, kwetu Munje, bibi alikuwa akikandika ukuta wa jiko, nami nikimkandia udongo kwa miguu. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba sayari nyingine Waingereza waliziita kwa majina ya miungu ya kale, lakini yetu waliiita Earth, yaani udongo. Jambo hilo lilinitatiza. Kwetu mtoto hurithi jina la mzee wake. Mimi nilipewa la bibi, ndiyo maana tuliitana somo.

“Somo, kwani udongo ni mzee wa dunia?”

Akabandika donge ukutani, pwaa. “Ikiwa dunia imerithi jina lake, basi ni bibi yake.”

Nikaugeukia ukuta. “Shikamoo.”

Bibi akaitikia kwa niaba ya ukuta, “Marahaba, somo.”

Leo najua kwamba Waingereza waliita hivyo ardhi waliyoilima, kabla hawajajua kwamba inaelea angani. Bibi naye tulishamzika. Kila nikifika Munje huuamkia udongo, na sasa namjua anayeitikia.