Hodi Mara Tano

"Mama Khaemba, hiyo kitu unaenda kununua ni ya maziwa ama ya nyama?"

Swali hilo lilirushwa juu ya ua wa michongoma na Sally Jeruto, jirani mwuza maziwa, huku mtaa mzima wa nje kidogo ya Kitale ukiwa umeshasikia kwamba Sellah Nanjala ameuza mtamba wake ili anunue kompyuta. Kwa Sally, kutoa mtamba wa gredi, wa mbegu ya maziwa mengi, na kuleta nyumbani kisanduku kisicho na kiwele kulikuwa sawa na kubadilisha mume kwa redio.

"Ni ya kuandika," Sellah alijibu kwa upole, akiendelea kuanika mahindi.

"Nani ataandika? Wewe?"

"Baba Khaemba."

Hapo Sally hakuwa na mzaha.

Festus Wabwile, mume wa Sellah, alikuwa karani wa chama cha wakulima kwa miaka mingi. Maneno ya mdomo alikuwa nayo haba, lakini kalamu yake ilikuwa na mengi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliacha kikaratasi chini ya mkebe wa sukari. "Dawa ya ng'ombe iko dirishani." "Jana umeimba vizuri kanisani, ingawa ulianza juu sana." Siku moja aliandika tu: "Sukari imeisha. Wewe bado." Sellah alicheka peke yake jikoni mpaka uji ukafurika.

Kisha kiharusi kikaja. Mungu alimwachia Festus uhai, miguu na ulimi, lakini mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kama sweta kwenye kamba. Alijaribu kalamu kwa mkono wa kushoto, herufi zikatoka kama maharagwe yaliyomwagika. Mtu ambaye hakuwahi kuvumilia hata doa la wino, aliikunja ile karatasi akaitia motoni. Shemeji yake akaleta taipureta. Vitufe vilikuwa vizito, na kila kosa lilibaki palepale likimtazama. Hakuigusa tena. Chini ya mkebe wa sukari pakawa patupu. Sellah aliendelea kuuinua kila asubuhi, hata siku ambazo chai ilikuwa tamu tayari.

Wazo la kompyuta alilipata Bungoma, alipomtembelea mdogo wake Dinah katika ofisi ya kuchapa barua. Alipokuwa akisubiri, alimwona msichana mmoja ameshika chapati kwa mkono wa kulia huku anaandika kwenye kompyuta kwa wa kushoto. Msichana alikosea, akafuta, akakosea tena, akafuta, na karatasi ikatoka safi kama shuka la mgeni.

"Bwana asifiwe!" Sellah alisema kwa sauti. Msichana akadhani chapati yake inaombewa, akafumba macho.

Basi siku ya kwenda dukani ilipofika, Sally alijialika. "Hata ng'ombe mtu haendi kununua bila jirani wa kumwangalizia," alisema. Wakaanzia palepale Kitale, kwenye duka jipya la kijana aitwaye Cheruiyot. Ndani mlikuwa na kompyuta moja nyeupe, imezungukwa na vipaza sauti kama bwana harusi na wapambe wake.

"Hii ndiyo moto, mama. Iko na ram nane!"

Sally, aliyejua hilo neno kwa maonyesho ya kilimo, alishtuka. "Kondoo dume nane? Na humo ndani wanalala wapi?"

"Si hao, mama! Ram ni ile akili yake ya kushika mambo haraka."

Sellah alivua leso mabegani, akaufunga mkono wake wa kulia kifuani, akaketi.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia, mwanangu. Nisipoufunga utanisaidia, na mimi sitaki msaada."

Akaanza kubonyeza kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Vitufe vilikuwa vigumu, na kwa kila kimoja Cheruiyot alisimama juu yake akisema, "Polepole, mama, ni mpya." Kisha akamwonyesha michezo ya karata, na ramani ya dunia yenye kuzunguka. Sally naye alikuwa ameshapita nyuma ya mashine, ameinua nyaya anachungulia, kama mtu anayeinua mkia.

Walipotoka nje alitoa hukumu. "Ngozi nzuri. Chuchu ngumu."

Wiki iliyofuata walishuka Bungoma, kwa Wekoye, mzee mpole aliyeuza mashine zilizokwisha tumika. Aliyowaonyesha ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta kiko.

"Kalibuni, kina mama. Kaeni."

"Imezaa mara ngapi?" Sally aliuliza.

Wekoye hakucheka hata kidogo. "Mara moja tu, kwa ofisi ya wakili. Na haipigi mateke."

Sally akampenda papo hapo.

Sellah akaufunga mkono tena. Safari hii vitufe vilishuka kama vinamsubiri. Akaandika "festus". Akafuta. Pale palikuwa safi, hakuna hata kivuli. Akauliza herufi kubwa zinatoka wapi, kwa maana alimjua mume wake: Festus hangeandika jina la mtu kwa herufi ndogo hata kama ni la mwizi.

"Shika hiki cha chini hapa," Wekoye alisema, "kisha bonyeza herufi ukiwa bado umekishika."

F ilikubali. Lakini N ya Nanjala ilikuwa mbali. Alinyoosha vidole vya mkono ule mmoja mpaka kiganja kikamuuma, na kidole cha kushikilia kikawa kinateleza. Akamwona Festus moyoni mwake, akijaribu mara mbili, kisha akiinuka kimya kwenda kutazama dirishani. Basi, hata hii haifai. Akabaki anakigongagonga kile kitufe bila kusudi, kama mtu anayebisha kwenye nyumba ambayo wenyewe wamelala.

Mashine ikalia: tiii!

"Yesu wangu! Nimeharibu?"

"Hujaharibu, mama," Wekoye alisema. "Umebisha hodi mara tano, imekufungulia. Hiyo waliiweka kwa ajili ya mtu wa mkono mmoja. Sasa bonyeza, achilia, halafu herufi. Hakuna kushikilia."

Sellah akabonyeza, akaachilia, akagusa. N ikasimama pale, kubwa, wima. Alifungua leso, akaitumia kufutia macho.

"Chuchu laini," Sally alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Chukua."

Mashine ikafika Kitale pamoja na printa yake ndogo, ikawekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Sellah akaeleza vile inavyotumika, hadi habari ya hodi. Festus akageuza kiti. "Mimi si mtoto wa kuchezea vitufe."

Sellah hakubishana. Aliomba, akangoja. Siku zikapita, na kitambaa kikashika vumbi.

Jumamosi moja akaketi yeye mwenyewe kuandika tangazo la kusomwa kanisani. Sasa, Sellah alizaliwa Bumula, na huandika anavyosema. Festus alipokuwa akipita kwenda kunywa maji, akasoma begani kwake: "kina mama wote kesho baada ya ibada kutakuwa na kura kwa mama khaemba msikose."

Na huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi.

"Sellah."

"Ee, Baba Khaemba."

"Unataka chifu akuje hapa na askari?"

"Kwa nini? Ni mchele na kuku tu."

"Mchele na kuku ni kula! Hiyo ni kura!"

"Si ndivyo nimeandika?"

"Umeandika ile ingine!"

"Mimi nasikia ni moja."

"Toka hapo."

Sally husema hadi leo kwamba ule ulikuwa mtego. Sellah husema Mungu ndiye ajuaye, kisha hutazama pembeni.

Festus alikaa. Kidole cha mkono wa kushoto kilizunguka juu ya vitufe kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kikafuta. Kikaweka L. Akaitazama sana ile L, kisha akatazama mahali R ilipokuwa, asione alama yoyote.

"Hapa pia ulitakiwa kuweka kituo," alisema.

"Weka basi." Sellah akaenda kumenya viazi, akavimenya polepole mno.

Jumatatu asubuhi alikuwa zizini anakamua aliposikia printa ikilia ndani kama nguruwe aliyebanwa na mlango. Hakukimbia. Alimaliza kukamua, akanawa mikono, akaingia jikoni, akauinua mkebe.

"sellah. sukari imeisha. wewe bado. samahani kwa herufi ndogo, sikusikiliza ulipoeleza."

Alikisoma kikaratasi akiwa amesimama, kisha akakisoma tena ameketi. Halafu akakibeba hadi sebuleni. Festus alikuwa anatazama dirishani kana kwamba kuna mvua, na hapakuwa na mvua. Sellah akamwekea mkono begani, upande wa ule mkono uliolala.

"Baba Khaemba," alisema, "bisha hodi mara tano, kisha uandike jina langu kwa herufi kubwa."