Hawa Wote Walishafika

Fundi simu wa pale mjini Mkiwa aliniingizia kwenye memori kadi mazungumzo ya watu wanaosimulia maisha yao, mengi kuliko nilivyoomba. Mmoja alilala stendi utotoni, sasa ana magari yake. Mwingine alifukuzwa na mumewe akiwa na mapacha, sasa anafundisha chuo. Nilirudi nayo nyumbani Ihanja kama mtu aliyebeba dawa.

Mgonjwa wangu alikuwa binti wa dada yangu. Dada yuko Manyoni kwa shughuli zake, na binti amelelewa hapa kwetu, kwa bibi yake, yaani mama yangu. Akiwa kidato cha pili alipata mimba, akaacha shule, akajifungua mtoto wa kiume. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kutuambia kwamba nafasi yake ipo. Shule zikifunguliwa mwezi wa saba, arudi darasani. Binti aliitikia vizuri, akamsindikiza mwalimu hadi barabarani. Aliporudi akasema haendi. Tulijua kwamba akiukosa mwezi huo, hatarudi tena.

Mimi si mtu wa subira. Kila siku nilimwekea yale mazungumzo, asubuhi akiosha vyombo, mchana akichambua mlenda. Alisikiliza bila kulalamika, nikadhani dawa inaingia. Siku moja akazima spika, akajifuta mikono.

"Mama mdogo, hawa wote walishafika," akasema. "Mtu akishafika, hata matope anayasimulia vizuri. Mimi bado nimo ndani."

Nilikasirika. Kumbe muda wote huo nilikuwa natwanga maji kwenye kinu.

Ndipo nikamfikiria mama. Tulijua tu kwamba alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Ilikuwaje, hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikaamua kumrekodi. Nilimkalisha sebuleni, nikafukuza kuku, nikafunga mlango, nikaweka simu mezani. Mama akaitazama simu, akangoja.

"Mama, sema."

"Niseme na nani? Hajaniamkia."

Ikabidi nimwamkie kwa niaba ya simu. Akaitikia, akauliza habari za huko, za watoto na za mifugo, ndipo akaanza. Baada ya sentensi mbili akangoja tena. Kwetu mzee akisimulia, lazima mtu amwitikie: ee, ehee, ikawaje. Asipoitikiwa anajua watu wamemchoka. Na mimi nilikuwa nimebana midomo ili sauti itoke safi kama za wale wa mjini. Mama alipoona kimya kimezidi, aliinuka akaenda kuangalia maboga yake.

Kesho yake tulikuwa tunapiga alizeti. Tulizunguka turubai watatu, mama, binti na mimi, kila mmoja na fimbo yake, mtoto amelala kivulini. Nilimwambia mama kwamba nimewasha tena simu. Akasema iwake tu, leo ana watu wa kuzungumza nao.

"Nilianza kisomo nikiwa na watoto wawili," akasema. "Tulisomea ghalani."

"Ee," binti akaitikia, maana ndiye aliyekuwa karibu naye.

"Mkubwa namwacha kwa mama mkwe. Mdogo nakwenda naye mgongoni. Akilia, mwalimu anasimama, wanaume wanageuka kunitazama."

"Ikawaje?"

"Natoka nje namnyonyesha. Nikirudi, wameshapita herufi nyingine."

Binti akasimamisha fimbo. "Na hukuacha?"

"Niliacha. Kilimo kilipoanza niliacha. Kiangazi nikarudi, wenzangu wako mbele, wakanicheka. Nikaugua, nikaacha tena. Nikarudi. Cheti sijapata mpaka leo, lakini kusoma najua."

Yule mtoto wa mgongoni ni mimi. Sikuwahi kusimuliwa. Machozi yalinijaa, nikapiga alizeti kwa nguvu mpaka mbegu zikaruka nje ya turubai na mama akanigombeza.

"Koo limenikauka," akamwambia mjukuu wake. "Endelea wewe, mimi nitaitikia."

Nilidhani atakataa. Alipiga fimbo kadhaa kwanza, kisha akaanza kusema huku anaangalia chini. Alisema anaogopa maziwa yatamlowesha shati mbele ya wavulana. Alisema anaogopa mtoto atamsahau, atamwona bibi ndiye mama yake.

"Ee," mama akaitikia.

"Na wakinicheka nitalia."

"Utalia, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa nalia njia nzima."

"Nikilia sitarudi, bibi."

"Utarudi. Mchana mtoto ni wangu, jioni ni wako. Mimi mzee, sina maziwa ya kumwibia mtu mwanawe."

Binti akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu ajifungue, na nilifurahi mno. Nikainama wasinione, nikaokota mbegu zangu nilizomwaga.

Shule zilipofunguliwa alikwenda, amekunja vitambaa ndani ya shati jinsi bibi yake alivyomwonyesha. Siku nzima sikufanya kazi ya maana. Mama alimbeba mtoto mgongoni, akanifukuza mara mbili barabarani nilikosimama kumsubiri binti, kwamba ninawatia watu mikosi.

Saa kumi binti akarudi. Akatuamkia, akamchukua mtoto, akakaa kizingitini kumnyonyesha. Macho yake yalikuwa mekundu. Ningemwacha kwanza apumzike, lakini nilishindwa.

"Walikucheka?"

"Walicheka."

Nikakaa karibu naye. Maneno yote ya ile memori kadi yalinikimbia. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia kidogo.

"Kesho tuna jaribio la jiografia," akasema, akimhamishia titi la pili. "Nani ataniamsha?"