Alicheza Harusini Jumamosi

Katika zahanati moja hapa Weston, ughaibuni, shangazi mmoja alikuwa ameweka mkoba wake juu ya kiti pekee kilichobaki wazi. Binti wa kaka yake, msichana wa chuo, aliegemea ukuta huku amefumba macho.

“Sista, huyu haumwi,” shangazi alimwambia nesi wa mapokezi, Mtanzania mwenzake. “Ni uvivu tu. Jumamosi alicheza harusini mpaka keki ikakatwa!”

“Na Jumapili?”

“Alilala kutwa.”

“Jumatatu?”

“Alilala.” Sauti ikashuka. “Jumanne nilimchana nywele mimi, mikono yake ilikataa kuinuka. Kila siku anaamka amechoka kuliko alivyolala.”

“Basi mama, mweleze daktari hivyo hivyo. Upo ugonjwa wa uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ukijikakamua siku moja, unakulaza siku kadhaa.”

Shangazi aliuchukua mkoba, akaupakata.

“Njoo ukae, mwanangu.”

Wengi wetu tungeapa kwamba binti yule ni mzima, maana tulimwona kwa macho yetu akicheza. Mgonjwa wa namna hii tunamwona siku anapoweza kutoka tu. Siku nyingine zote tunamsema.