Kipimo cha Kifua

Kwa nini mama alikubali nimpime mabega, kiuno na nyonga, akakataa kifua?

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika darasa la ushonaji la misheni, upande wa Nachingwea. Mtihani ulikuwa mmoja: kila msichana amshonee gauni mwanamke wa kwao, kwa vipimo alivyovichukua mwenyewe, naye aje alivae mbele ya sista. Aliyefaulu alipewa cheti cha kufundisha ushonaji. Aliyeshindwa alirudi kupalilia ufuta, na mimi nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba jembe silishiki tena.

Nilikwenda nyumbani Likunja na futi yangu ya kupimia shingoni. Nilipoipitisha mgongoni kwa mama ili nizungushe kifuani, akaishika.

"Hapo basi."

"Mama, gauni halina kifua?"

"Kata kwa macho. Si umesoma?"

Shangazi, aliyekuwa akipepeta mtama, akadakia: "Anayepimwa mwili mzima ni wa sanda, binti. Ngoja afe kwanza."

Nikamuuliza, basi mafundi wa sokoni Ruangwa wanazika wangapi kwa siku? Shangazi akacheka. Mama hakucheka. Nikaona ni ushirikina tu, nikachukua kipimo kwenye blauzi yake ya zamani.

Alitembea siku mbili kuja mtihanini. Ndani ya gauni alikuwa amejifunga kanga iliyokunjwa mara nyingi, na hakutaka kuifungua. Vifungo vya kifuani havikukutana.

"Ulimpima mama yako?" sista akaniuliza.

Kabla sijajibu, mama akasema, "Alinipima, Sista. Ni mimi nimenenepa."

"Kwa njaa hii?" mwenzangu akanong'ona, darasa zima likaangua kicheko.

Sista akapiga mstari juu ya jina langu.

Tulirudi kwa njia ya mashamba ya karanga yaliyotelekezwa, mimi mbele, mama nyuma. Sikumsemesha mpaka nyumbani, na hata huko nilimsemesha kidogo.

Alifariki masika yaliyofuata. Mimi, kwa kuwa nilikuwa sijazaa, sikuruhusiwa kuingia alikooshwa.

Miaka mingi baadaye, nimekwisha kurudi shule na kumaliza hata chuo kikuu, shangazi yule yule, ambaye ndiye aliyemwosha, aliniambia: titi la kushoto lilikuwa limeoza, kidonda kilianza kabla sijaja na futi yangu, na kanga ile aliifunga ili usaha usilichafue gauni.