Asumpta Anasubiri Mwale Uangushe Mbegu

Umande bado umelala kwenye majani, na Asumpta Komba tayari yuko bondeni, nyuma ya nyumba za mwisho za Bombambili, Songea. Ameinua shingo. Juu yake mwale, mti wa jamii ya mnazi wenye makuti marefu kuliko nyumba, umening'iniza vichala vya matunda yenye magamba kama kakakuona.

"Leo pia hamna," anasema, akipekua majani makavu chini.

"Mwanangu, si uolewe na huu mti tujue moja?" anamtania mwenye shamba, mzee Eusebi.

"Na mahari utapokea wewe, baba?"

Asumpta ni mtaalamu wa mimea. Wenzake walichagua mahindi na tumbaku, mazao yenye wafadhili. Yeye alichagua minazi, mikindu na miwale, na mpaka leo wapo wanaomuuliza kama Songea kuna bahari.

Lakini amekulia Namtumbo, kwenye bonde lililojaa miwale. Mama yake, Notburga, alisuka mikeka kwa nyuzi zake. Kisha bonde likalimwa, makuti yakaenda kuezeka mabani ya kukaushia tumbaku, miti ikaisha. Siku hizi mama amezeeka, na anasuka kwa kamba za plastiki.

"Anasema hazina harufu," Asumpta anaeleza. "Mimi nilisoma kwa ajili ya harufu ile."

Mwale huzaa mara moja tu, ukishapita miaka ishirini hivi, halafu hufa. Mbegu zikipotea, ndiyo basi.

Mwaka juzi alikuwa akiulinda mwingine, kijiji cha jirani. Alifika Jumapili ya Matawi, akakuta umenyolewa. Waumini walikwea kutafuta matawi, na vichala vichanga wakaviangusha wakidhani ni uchafu.

"Nikaingia kanisani, nikapewa tawi. La mti wangu! Nikaimba Hosana huku machozi yanatoka. Mama mmoja akanong'ona, 'Huyu binti ana imani.'"

Hakugombana na mtu. Alipanda mikindu nyuma ya kanisa lile ili watu wapate pa kukata, ila bado inafika magotini tu. Na Jumapili ya Matawi imekaribia tena.

"Wazee wa kanisa walikuja hapa wiki iliyopita," anasema Eusebi. "Nikawaambia wakate migomba. Wakauliza, Bwana Yesu alipokewa kwa migomba? Nikawajibu, angeingia Songea angepokewa kwa hiyohiyo."

Mbegu zikikomaa, Asumpta atazipeleka Namtumbo, kando ya kijito, kwenye kipande ambacho mama yake amekataza kisilimwe.

"Kuziona zikizaa sitarajii," anasema. "Nataka mama aguse kuti moja. Moja tu."

Simu inaita. Kila asubuhi ya kuja bondeni lazima iite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zimeanguka?"

"Bado, mama."

Jogoo anawika upande wa pili wa simu.

"Haya," anasema Notburga. "Basi na mimi sianguki kwanza."